Shamba lako Pemba na wewe uko mbali: linalindwa vipi?

Anayekuchukulia shamba Pemba haji usiku na panga. Mara nyingi ni jirani au jamaa wa mbali, na huja kwa adabu kuomba alime mihogo chini ya mikarafuu. Mwaka wa kwanza mihogo, wa pili migomba. Wa tatu unarudi kutoka Dar es Salaam au Muscat, unakuta miche ya minazi imekufika magotini. Hapo ndipo kesi inapozaliwa.

Kwa ada ya visiwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Ndiyo maana wazee walimruhusu aliyeazimwa konde apande vya msimu tu, si mti wa kudumu. Aliyepanda mnazi hadai tena kulima, anadai chake, na hatoki bila kulipwa. Kwa hiyo mche wa kwanza ukiuona, sema wiki hiyo hiyo, tena kwa barua. Ukingoja uzae umeshachelewa.

Mitandaoni wengi wanasoma kwamba aliyekaa miaka 12 kwenye ardhi basi ni yake. Hesabu hiyo ni ya Sheria ya Ukomo ya Bara, Sura ya 89, inayoweka miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani. Ardhi si jambo la Muungano: Zanzibar tuna sheria zetu na Mahakama yetu ya Ardhi. Na hata huko Bara, aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kugeuka akasema kaipata kwa kukaa sana. Kinachohesabiwa ni ukaaji usio na idhini.

Basi idhini iandikwe. Karatasi moja inatosha: majina ya pande mbili na namba za vitambulisho; shamba liko shehia gani na linapakana na nani kila upande; mazao ya msimu tu, bila mti wa kudumu wala jengo, hata banda la makuti; muda mwaka mmoja, unaoandikwa upya kila ukimalizika. Weka na malipo, hata yawe polo moja la mihogo kwa mwaka, maana anayelipa anakiri kuwa ardhi ina mwenyewe. Mashahidi wawili wasaini, mmoja wa upande wake, na nakala ibaki kwa sheha. Karatasi isiyofanywa upya ndiyo inayoponza wengi: mkulima anafariki, watoto wake wanaendelea kulima, na hawajui kabisa kwamba baba yao aliazimwa.

Mipaka usiitegemee miti, kwani hukauka na hukatwa. Mwite mpimaji mwenye leseni, bikoni, yaani alama za mpaka, zichimbiwe majirani wote wakiwepo, kisha piga picha kila bikoni na kitu kisichohama nyuma yake. Mtu wako akazikague kila baada ya miezi mitatu. Bikoni iliyong'olewa iripotiwe siku ile ile.

Shamba likiwa bado kwa jina la marehemu, maliza mirathi Mahakama ya Kadhi kwanza. Warithi wasiogawana ndio windo rahisi kuliko wote, kwa sababu mmoja wao huuza fungu ambalo hata halijajulikana liko wapi. Kwa anayenunua: muhuri wa sheha ni ushahidi tu, hautoi umiliki, na uhaulishaji, yaani kuhamisha umiliki, una bodi yake. Eka tatu, yaani mashamba Serikali iliyowagawia watu baada ya Mapinduzi ya 1964, hazikugaiwa ili ziuzwe, kwa hivyo ziulizie Kamisheni ya Ardhi kabla hujatoa hata shilingi.

Mvamizi akishaingia, usimvunjie nyumba wala usimng'olee mazao. Ukifanya hivyo kesi inageuka jinai na mshitakiwa unakuwa wewe. Piga picha zenye tarehe, mpe barua ya kumtaka aondoke, apokee mbele ya shahidi, na nakala ipelekwe kwa sheha. Asiposikia, fungua shauri Mahakama ya Ardhi na siku hiyo hiyo omba zuio la muda, ili asiendelee kujenga wakati kesi inasikilizwa. Anaweza kukuomba umwachie mpaka avune. Kama utakubali, iwe kwa maandishi, yakitaja tarehe ya kutoka na kukiri kwake kwamba shamba ni lako.