Nikimwacha anasema atajiua, na mama yake anasema damu iko juu yangu

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, nina saluni Kinondoni. Mchumba wangu ni fundi umeme, ana miaka 33. Hospitali walisema ana ugonjwa wa akili uitwao baipola, na akimeza dawa anakaa vizuri. Mwaka huu aliambiwa kwenye maombi kwamba amepona, akaziacha. Kuna wiki halali usingizi kabisa, anaongea usiku kucha. Aliuza hadi vifaa vyake vya kazi, akakopa kwenye simu akanunua sofa lisiloingia mlangoni. Kisha anajifungia ndani, haogi wala hali. Simu yangu anaipekua kila siku na amewahi kunipiga kofi. Posa imeletwa, kishika uchumba kimepokelewa. Nimechoka, lakini nikigusia kuachana anasema atakunywa sumu. Mama yake ananiambia, 'Mwanangu akifa, damu yake iko juu yako.' Je, nikiondoka nitakuwa mtu mbaya?"
Niliyechoka, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Hapana, hutakuwa mtu mbaya. Nimelitanguliza hilo ili usisome yaliyobaki roho ikiwa juu. Ruhusa ya kuondoka unayo. Kazi iko kwenye namna ya kuondoka.

Kukesha, kuuza vifaa, kukopa na kununua sofa, huo ni ugonjwa. Mtu wa baipola akichangamka kiasi hicho mara nyingi haoni kwamba amezidi, anaona nyie ndio mmezubaa. Na kule kujifungia si uvivu. Hata kuacha dawa simshangai. Nyingine zinanenepesha, nyingine zinatetemesha mikono, lithiamu inataka kupimwa damu mara kwa mara, na mtu akishajisikia mzima haoni kwa nini aendelee kumeza. Wanaoacha hivyo ni wengi, wa kanisani na wasio wa kanisani. Maombi aombewe, lakini sijui ni wapi Mungu alikataza kidonge.

Simu yako, je? Umeandika anaipekua "kila siku", yaani hata siku ametulia. Na kofi hukusema alikupiga akiwa katika hali gani. Wapo wagonjwa wa baipola ambao hawajawahi kumnyanyulia mwenza mkono, na wapo wenye akili timamu wanaopiga kila Jumamosi. Kwa hiyo usiende kwa watu ukasema, "Namwacha kwa sababu ni kichaa." Litamwandama maisha yake yote, tena si kweli. Unamwacha kwa sababu amekataa matibabu, na kwa sababu amekupiga. Wenye baipola wanaotibiwa wapo, wanafanya kazi, wanaoa, wanalea watoto. Angekuwa anahudhuria kliniki na kukuheshimu, jibu langu lingekuwa jingine.

Sasa hiyo sumu. Usithubutu kumwambia "kunywa tuone". Wenye ugonjwa huu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko watu wengine, kwa hiyo kila akilitamka neno hilo lichukulie kuwa la kweli. Lakini kulichukulia kuwa la kweli hakukulazimishi kubaki naye. Kunakulazimisha kumwambia mtu wa kumwangalia. Mpigie kaka yake au mama yake, umrudie maneno kama alivyoyatamka. Sumu za wadudu na vidonge vilivyobaki vitolewe ndani, asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo apelekwe hospitali. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Usiku wa dharura, hospitali yoyote iliyo karibu ianze naye. Wapo ndugu wanaomficha mgonjwa wa namna hiyo kwa aibu au kwa kuogopa polisi. Aliyesema anataka kufa ni wa kupelekwa kwa daktari.

Mama mtu naye nina neno naye. Kama ana nguvu za kukutisha wewe, azitumie kumpeleka mwanawe kliniki.

Siku ya kumwambia, ukiweza kuchagua, isiwe katikati ya wiki za kukesha wala za kujifungia. Akikupiga tena, usisubiri siku nzuri, ondoka. Iwe mchana, isiwe chumbani kwake, na kaka yake awe anajua na awe jirani. Vyeti vyako na kitambulisho uwe umeshavitoa. Maneno yawe machache: "Sitaolewa na wewe. Nimewaambia nyumbani kwenu wawe karibu yako." Basi. Usiongeze "labda ukipona", maana atameza dawa wiki mbili aje kudai ahadi. Usimsomee orodha ya makosa. Akilia, kaka yake yupo.

Baada ya hapo, ujumbe wa kujiua ukiingia saa nane usiku, usiende wewe. Mpigie kaka yake mpaka apokee, umtumie na ujumbe wenyewe. Najua moyo utakuvuta uende. Ukienda mara moja tu, ameshajua namna ya kukuita. Na akija kukufanyia fujo saluni, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto; nenda pale, usiishie kulia na wateja.

Kuhusu kishika uchumba, aliyekileta ni mshenga, basi wazee wako wamwite siku hiyo hiyo, habari isimfikie kutoka mtaani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari, kwa hiyo posa haijakufunga. Ila sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa sharti la kufunga ndoa, ikiwa ndoa yenyewe haikufungwa. Najua wajomba walishagawana. Waambie wachange mapema kabla hawajadaiwa. Wakileta maneno, toa mwenyewe kidogo kidogo, mkabidhi mshenga mbele ya mashahidi wawili, na muandikishiane.