Mshambuliaji amesaini mkataba mpya, mabao yamekauka

SWALI: Mimi ni katibu wa klabu ya daraja la pili hapa Nairobi. Mshambuliaji wetu alifunga sana msimu uliopita, tukampa mkataba wa miaka mitatu na nyongeza ya mshahara. Sasa hafungi. Tumwekee bonasi ya kila bao?

JIBU: Katibu, kwanza tazama mlimsainisha lini: alipotoka tu kwenye msimu wake bora kabisa. Mtu aliyefunga kupita kawaida yake hurudi kwenye kawaida hata asipoongezwa senti. Wapo watafiti waliopima wachezaji wa kikapu na besiboli Marekani wajue kama hujituma mwaka wa mwisho wa mkataba na kulegea wakishasaini, matokeo yamepingana. Angalia pia aliyekuwa akimlisha mipira kama bado yupo.

Bonasi ya kila bao siipendi. Kijana atapiga shuti pembe finyu ilhali mwenzake yuko wazi mbele ya goli, mkono juu. Winga naye, ambaye krosi zake hazilipiwi bonasi, ataacha kushuka kukaba. Mwanariadha ni habari nyingine. Mkimbiaji Faith Kipyegon alishinda dhahabu mbili kwenye mashindano ya dunia ya riadha Budapest 2023, kila moja na zawadi ya dola 70,000, na hakuna aliyenyimwa pasi.

Ninyi lipeni ushindi, kikosi kizima hadi benchi, na pesa ziingie M-Pesa jioni hiyo hiyo. Ahadi ya "wiki ijayo" ni afadhali msiitoe. Ikibidi mshambuliaji awe na chake, bao na pasi ya bao ziwe bei moja.

Ila hukuniambia mshahara unaingia tarehe ngapi, na hapo ndipo ningeanzia. Mchezaji anayerudi mtaani Umoja usiku wa manane kumkwepa mwenye nyumba, asubuhi mazoezini atakimbia na miguu tu. Nyongeza iliyo kwenye karatasi haimlishi, na inamuudhi kuliko mshahara mdogo unaofika kwa wakati.

Tena mnajiweka pabaya. Tangu 2018, kanuni za uhamisho za FIFA zinasema klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili bila sababu halali, mchezaji anaweza kuidai kwa maandishi na kuipa muda usiopungua siku 15. Zikiisha bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Kanuni hizo zisome sambamba na za shirikisho la soka la Kenya, FKF, na barua ya namna hiyo ikifika ofisini, usiiweke ikimsubiri mwenyekiti arudi safari.