Uzi unaachia kwenye kamba: jaribu hivi

Dada wa Igoma, pole. Umesema unazungushia kamba ya manila, ile ya plastiki, uzi wa kufumia utengeneze pambo la ukutani, na baada ya siku mbili uzi unaachia. Tatizo si mikono yako, ni hiyo manila: inateleza. Tafuta kamba ya katani, vinyweleo vyake hushika uzi. Mimi nilianza na vipande vya kamba za wavuvi kutoka soko la samaki la Mwaloni. Hizo zifue kwa sabuni na uzianike hadi zikauke kabisa, la sivyo harufu ya dagaa haitoki.

Usifunge fundo mwanzoni. Laza ncha ya uzi juu ya kamba, kama urefu wa kidole, kisha zungusha juu yake ukiibana. Kila mizunguko kumi, isukume kwa ukucha ikae bega kwa bega. Mwishoni pitisha ncha kwa sindano nene chini ya mizunguko, vuta, kata.

Nunua uzi wa kutosha! Kamba nene ya sentimita 1, kwa uzi wa milimita 3, hula karibu mita 14 kwa kila mita.

Ukichoma ncha za manila, fanyia nje. Moshi wake ni mbaya. Na kiganja kikifa ganzi, pumzika. Ganzi ikiendelea, nenda hospitali.