Kifaa kulia si ushahidi kwamba kinapima sawasawa: kwa fundi anayeanza kazi ya majokofu na viyoyozi

Fundi mgeni akikabidhiwa kifaa cha kutambua uvujaji wa gesi ya jokofu, mara nyingi hufungua kidogo valvu ya mtungi, hukipulizia gesi, na kuridhika kinapolia. Naomba uiache tabia hiyo mapema. Gesi inayotoka mtungini moja kwa moja ni nyingi mno, hata kifaa kilichochoka kitaipigia kelele, na baadhi ya sensa hulemewa nayo zikachukua muda mrefu kurudi katika hali yake. Unachotaka kujua ni kama kifaa kinahisi kile kiasi kidogo ambacho pua na macho yako haviwezi kukigundua.

Kwa kazi hiyo zipo chupa ndogo za uvujaji wa kipimo, zinazotoa gesi kwa kasi inayojulikana. Kwa vifaa vya mkononi, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 ilitaka uwezo wa kutambua gramu 5 kwa mwaka, na vifaa vikaguliwe kila baada ya miezi 12. Gramu 5 kwa mwaka ni takriban gramu 0.014 kwa siku. Sogeza ncha ya kifaa polepole mbele ya tundu la chupa, isizidi umbali wa sentimita 1, wala usiligusishe. Kifaa kikinyamaza, badilisha kwanza chujio la ncha, kwa kuwa vumbi na mafuta ya kompresa huziba njia ya hewa. Kikiendelea kunyamaza, ishuku sensa. Vifaa vingi vya mkononi havina mahali pa kurekebisha, hivyo kazi yetu ni kuvithibitisha na kubadilisha sensa inaposhindwa.

Somo lililonigharimu zaidi lilihusu sifuri, yaani usomaji ambao kifaa hukichukulia kuwa ni hewa isiyo na gesi. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa kazi, niliwasha kifaa ndani ya chumba cha mitambo ambamo gesi ilikuwa imeshatanda, nacho kikaichukua hewa ile chafu kuwa ndiyo sifuri yake. Nilipitisha ncha kwenye viungo vyote vya mabomba kwa saa kadhaa bila kusikia chochote, hadi msimamizi wangu alipopaka povu la sabuni kwenye nati moja na mapovu yakaanza kuvimba mbele ya macho yetu. Tangu siku hiyo huwasha kifaa nje, kwenye hewa safi, hukiacha kipate joto kwa muda ulioandikwa katika maelekezo yake, ndipo niingie nacho.

Vifaa vya kudumu vinavyofungwa ukutani ndivyo vyenye kalibresheni kamili, yaani kurekebisha usomaji ulingane na kiasi cha gesi kinachojulikana, na utaratibu wake haubadilishwi: sifuri kwanza, kisha gesi ya kipimo, yaani gesi ya mtungini ambayo kiasi chake kinajulikana, kwa sababu kosa la sifuri hubebwa hadi kwenye usomaji wa juu. Hakikisha mtungi wa gesi ya kipimo una cheti ambacho muda wake haujapita, na kwamba gesi iliyomo ni ile ambayo kifaa kinaitarajia. Soma pia kizio kwa uangalifu. Kwa R-290, yaani propani, kiwango cha chini cha kuwaka ni asilimia 2.1 ya hewa, kwa hiyo kengele iliyowekwa kwenye asilimia 20 ya kiwango hicho hulia gesi ikifika ppm (sehemu kwa milioni) 4,200. Anayechanganya asilimia hizo mbili anaweza kuiacha kengele ikingoja mpaka hewa iwe tayari kuwaka.

Kabla ya kugusa marekebisho yoyote, andika kifaa kilisoma nini kilipopewa gesi ya kipimo. Mafundi wengi huandika usomaji wa baada ya kurekebisha tu, na kwa kufanya hivyo hufuta habari yenye thamani kuliko zote, maana usomaji unaoshuka kila ukaguzi unaonyesha sensa inayochakaa muda mrefu kabla haijafa.

Ukimaliza, ondoa kofia ya kalibresheni, subiri usomaji urudi sifuri, kisha uwashe tena kengele na feni ulizozizima wakati wa kalibresheni. Mimi siondoki kabla ya kukipa kifaa gesi mara moja zaidi, kengele ikiwa imerudishwa na watu wa jengo wakiwa wamearifiwa, nikasikia king'ora na kuona feni inazunguka.