Erika zinazokufa kila baridi: soma jina kwenye kibao kabla ya kulipa

Mkuu, umeuliza kwa nini erika, vile vichaka vifupi vya maua madogo, ulizonunua Septemba hapo Munich zilikuwa kahawia tupu ilipofika Februari, na kama kuna dawa. Dawa hakuna. Kwenye picha yako naona vikengele vidogo vya waridi vimesongamana shina zima. Hiyo ni Erica gracilis, asili yake Rasi ya Afrika Kusini. Huku Ujerumani huuzwa vuli, yaani Septemba hadi Novemba, kwa ajili ya vibaraza na makaburi, na barafu kali ikiipiga imekwisha, hata ungeitunza vipi.

Tafuta Erica carnea. Hiyo ni ya milima ya Alps, na inaota yenyewe kwenye misonobari kando ya mto Isar, kwa hiyo baridi hii ni ya kwao. Tena inavumilia chokaa, na ardhi yetu hapa ni kokoto za chokaa, maji ya bomba nayo ndiyo hayo yanayoacha ukoko kwenye birika. Vitumba vyake utaviona tangu vuli, vya kijani kilichopauka. Vinakaa hivyohivyo chini ya theluji, halafu vinafunguka mwishoni mwa baridi. Kwangu nyuki wa kwanza wa mwaka nawaona hapo, na huwa naacha kazi niwatazame.

Calluna, jamaa ya erika yenye maua ya Agosti, ni nzuri sana lakini inadai. Inataka udongo wenye asidi. Mimi nimeiinulia tuta, nikajaza udongo wa mifuko wenye asidi, unaouzwa kwa ajili ya maua ya rododendroni, na naimwagilia maji ya mvua ninayokinga kwenye pipa. Samadi na mbolea usiweke. Mizizi yake ni myembamba mno na inashirikiana na kuvu kupata chakula kwenye udongo maskini.

Sasa, kinachoua hata zile ngumu mara nyingi ni kiu. Kule Kilimanjaro, ukipita kambi ya Mandara kwenda kambi ya Horombo, erika ni miti kabisa. Usiku kuna baridi kali, lakini asubuhi jua linarudi. Hapa ardhi inaweza kuganda wiki nzima huku jua na upepo mkavu vikinyonya maji ya majani, na mizizi haina pa kuvuta. Theluji ni blanketi, usiiondoe. Mwagilia vizuri Novemba kabla ardhi haijaganda, na ikishaganda funika kwa matawi ya miti ya Krismasi.

Kupogoa: carnea mara tu maua yakiisha, Calluna mwishoni mwa Machi au Aprili. Kata chini kidogo ya maua makavu, ubakize majani mabichi. Ukikata hadi kwenye shina la kahawia lisilo na majani, halichipui tena.

Panda Aprili, mizizi ishike kabla ya baridi. Kibao kisipokuwa na jina la Kilatini, tazama majani: ya Calluna ni magamba madogo yaliyolaliana, ya carnea ni kama sindano. Bado una shaka, weka picha hapa kwanza.