Ukitumwa kuleta wafanyabiashara katikati ya mji, anza na waliopo

Karibu kwenye kitengo cha kuleta biashara katikati ya mji. Muda si mrefu utakabidhiwa kabrasha zuri lenye picha za maghorofa, uambiwe kazi yako ni kulipeleka kwa wawekezaji. Lipokee, liweke mezani, kisha toka nje ukatembee.

Mfanyabiashara anayejua kazi yake haanzii ofisini kwako. Anakuja siku ya kawaida, anasimama ng'ambo ya fremu aliyoelekezwa na dalali na kuwatazama wapita njia. Wanakwenda mbio kama watu wanaokatiza tu, au wanasimama kwenye madirisha ya maduka? Wamebeba mifuko? Halafu anaingia duka la jirani, ananunua kitu kidogo asichokihitaji, na wakati akisubiri chenji anauliza, "Vipi, biashara hapa?" Mwenye duka akijibu "tunasukuma siku tu" huku akitupia jicho mtaro ulioziba mbele ya mlango wake, huyo mgeni umeshampoteza, na wala hutajua kwamba alikuja.

Kwa hiyo waliopo ndio wanaokuuzia mji, kwa uzuri au kwa ubaya. Wapitie duka kwa duka, na usiende na dodoso. Waulize taa ipi haiwaki, takataka zinazolewa saa ngapi, gari la mizigo linasimama wapi. Chagua jambo moja linalowezekana, lifanye liishe, kisha rudi uwaonyeshe. Baada ya hapo ndipo watakuambia mambo ya maana, kama vile nani anataka kuhama na nani ana ndugu anayetafuta fremu.

Kazi ya pili ni daftari la fremu zilizo wazi. Andika mmiliki, ukubwa, upana wa mbele, kama kuna umeme wa fezi tatu, maji na choo. Kisha andika kwa nini fremu iko wazi, maana hapo ndipo penye kazi. Nyingine ina mgogoro wa mirathi. Nyingine paa linavuja na mmiliki anasubiri mpangaji ndiye alitengeneze. Nyingine itakushangaza: mmiliki ana uwezo wa kushusha kodi lakini hataki, kwa sababu thamani ya jengo hupimwa kwa kodi linayoingiza, na jengo hilo amelikopea benki. Kwake, fremu tupu yenye kodi kubwa ya kwenye karatasi ina nafuu kuliko mpangaji wa kodi ndogo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshawishi kwa hotuba. Mletee mkataba wa muda mfupi usiogusa kodi rasmi. Ndivyo walivyofanya Newcastle, Australia, kuanzia 2008, katika mpango wa Renew Newcastle ulioanzishwa na Marcus Westbury. Hawakununua majengo. Waliomba ruhusa za muda mfupi zinazohuishwa, wakawaingiza wasanii na mafundi wadogo, na mmiliki akipata mpangaji wa kudumu alirudishiwa nafasi yake.

Sasa huyu "mwekezaji mkubwa". Wakubwa wako watampenda, kwa kuwa kukata utepe kunapendeza kwenye picha. Sisemi hana faida. Nasema zamu yake si ya kwanza. Tazama Greenville, jimbo la South Carolina, Marekani. Maduka makubwa ya pembezoni yalikuwa yamewavuta wateja wa katikati ya mji. Miaka ya 1970, Max Heller akiwa meya, mji ulianza mpango wa kuipunguza Main Street, barabara kuu ya katikati, kutoka njia 4 za magari hadi 2. Nafasi iliyopatikana wakaifanya njia pana za miguu na kupanda miti. Hoteli kubwa ilifunguliwa baadaye, 1982, tena fedha za umma zilihusika. Na maporomoko ya mto yaliyokuwa yamefunikwa na daraja la magari yalisubiri zaidi ya miaka 20. Daraja likabomolewa, na bustani ya Falls Park ikafunguliwa 2004. Mameya wamebadilika na mpango ukaendelea, na hilo mimi nalihusudu kuliko bustani yenyewe.

Utasikia pia wanaosema, "Fungeni barabara, waachieni waenda kwa miguu." Copenhagen, Denmark, waliifungia magari barabara ya maduka ya Strøget mwaka 1962 na mpaka leo imejaa watu. Kalamazoo, Michigan, Marekani, waliufunga mtaa wao wa maduka mapema zaidi, 1959, na 1998 magari yakarudishwa kwenye sehemu ya mtaa ule. Kabla ya kufunga, hesabu ni watu wangapi wanaishi au wanafanya kazi umbali wa kutembea. Wasipokuwepo, utabaki na uwanja mtupu.

Maegesho ndiyo yatakayokuletea kelele nyingi kuliko kitu chochote. Wenye maduka watakuambia ada itafukuza wateja. Hapo pita asubuhi uangalie magari yaliyoegeshwa mbele ya maduka hayo ni ya nani. Old Pasadena, California, walikuta nafasi nyingi zinakaliwa kutwa na wafanyakazi wa maduka yenyewe. Mita za maegesho ziliwekwa 1993, na wafanyabiashara walikubali baada ya kuhakikishiwa kuwa fedha zitabaki mtaani kwao, kwenye usafi, taa na njia za miguu. Mwenzangu, ukishindwa kupata ahadi hiyo kwa watu wa hazina, usiipeleke hoja ya ada kabisa.

Tukija kwenye vibali, fanya zoezi hili ukiwa bado mgeni na watu hawajazoea sura yako. Chukua fomu kama mtu anayetaka kufungua biashara ndogo, uzungushe dawati kwa dawati. Utakuta afya wanadai cheti cha zimamoto, zimamoto wanadai ramani yenye muhuri, na mwenye muhuri yuko likizo. Wakati wote huo mpangaji analipia fremu iliyofungwa, na mtaji wake mdogo unaliwa kabla hajauza kitu. Chora mzunguko huo kwenye karatasi moja, pamoja na siku za kila dawati, umpelekee bosi wako. Msamaha wa kodi ya serikali utapitishwa haraka zaidi, lakini mfanyabiashara mdogo haumsaidii sana, maana hana faida ya kutozwa kodi bado.

Mambo yakianza kunoga, kodi za pango zitapanda, na wa kwanza kusukumwa nje ni wale wale uliowapitia duka kwa duka. Wahimize mapema wasaini mikataba mirefu, wakati wamiliki bado wanawabembeleza.

Na anayefunga duka, mfuate kabla hajakabidhi funguo. Huyo hana tena cha kuogopa kwako wala kwa mmiliki, atakueleza hesabu zake bila kupamba. Muulize anahamia wapi. Mara nyingine ni mtaa wa pili tu, na ukienda kuuona utajua kesho yake umpigie simu mmiliki gani.