Nyota tano kila mahali, nichague ipi?

Swali: Shikamoo Shangazi. Napenda podikasti za historia, na zile nilizozizoea nimezimaliza zote. Kila mpya ninayoifungua ina nyota nne na nusu kwenda juu na maoni ni sifa tupu, lakini dakika ya tano nimeshachoka nayo. Hivi maoni ya wasikilizaji yana faida yoyote?
*Msikilizaji aliyechoka kubahatisha*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Yana faida, ila wastani wa nyota usikuzuge. Watangazaji wengi hufunga kipindi kwa kuomba nyota tano, na anayelisikia ombi hilo ni yule aliyevumilia hadi mwisho, yaani mtu ambaye ameshanogewa. Mliochoka dakika ya tano mnafunga na kwenda zenu bila kuandika neno.

Mimi huanzia nyota mbili na tatu. Nyota moja mara nyingi ni hasira tu: matangazo yamezidi, au mtu hapendi sauti ya mtangazaji (na ajabu ni kwamba sauti inayolalamikiwa mara nyingi ni ya mwanamke). Hizo nazipita. Aliyetoa nyota tatu kuna kilichompendeza na kuna kilichomkera, kwa hiyo hujieleza. Juzi nimesoma malalamiko ya msikilizaji kwamba mwendesha kipindi ni mpole kupita kiasi, anamwachia mgeni aongee robo saa nzima bila kumkatiza. Nikabonyeza palepale! Kero yake ndiyo haswa ninayoitafuta. Mwingine akisema watangazaji wa podikasti fulani wanapiga soga na kucheka hadi mada inasahaulika, hapo ninakimbia, hata kama wengine mia wamesifu.

Angalia na tarehe. Kwenye Apple Podcasts nyota hupewa podikasti nzima, si kipindi kimoja kimoja, kwa hiyo mtangazaji aliyewavutia watu anaweza kuwa ameshaondoka huku sifa zake zikibaki pale pale. Panga maoni mapya yatangulie. Kumbuka pia kwamba maoni unayoyaona huko ni ya nchi ambayo akaunti yako imesajiliwa. Podikasti yenye maoni mawili kwako huenda kwingine inayo mamia. Uchache wa maoni peke yake usikutishe. Spotify, iliyoanza kupokea nyota mwishoni mwa 2021, humtaka mtu asikilize kwanza kabla ya kutoa. Ni jambo jema, ila nyota haisemi kwa nini.

Kuhusu sifa, nasoma zile tu zinazotaja kitu. Kuambiwa podikasti ni bora kuliko zote hakunisaidii. Nikiambiwa kwamba katika kipindi fulani kuhusu safari za majahazi zimesomwa barua za manahodha wenyewe, hicho nakipakua. Na usianze na kipindi cha kwanza kabisa, maana wengi walikuwa bado wanajifunza kutumia maikrofoni. Anza na kile ambacho wasikilizaji wawili watatu wamekitaja kwa jina.